Ni ya Kinyama, Lakini Ni Halali: Kisa cha Mbushuu na Adhabu ya Kifo Tanzania

Tarehe 30 Januari 1995 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu ambayo msomaji mgeni anaweza kudhani kurasa zake zimechanganywa. Sehemu ya kwanza, majaji wanakubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kinyama, inamdhalilisha binadamu, na inapingana na ibara ya 13(6)(e) ya Katiba. Sehemu ya pili wanasema adhabu hiyohiyo ni halali, ibaki katika vitabu vya sheria, na watu wawili waliokuwa mbele yao wahukumiwe kunyongwa. Shauri lenyewe ni la Mbushuu, anayejulikana pia kama Dominic Mnyaroje, na mwenzake dhidi ya Jamhuri, rufani ya jinai namba 142 ya 1994. Miaka thelathini imepita na bado ndilo linalotupwa mezani kila wakili anapojaribu kuigusa adhabu ya kifo katika mahakama za Tanzania.

Kisa hiki kina mvuto wa pekee kwa sababu ya mahali ubishi ulipohamia. Marekani, kwa mfano, marekebisho ya nane ya Katiba yao ya mwaka 1791, yaliyorithi maneno ya tamko la haki la Uingereza la 1689, yanakataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida, basi. Hayana kifungu cha pembeni kinachosema "isipokuwa pale ambapo". Adhabu ikishaitwa ya kikatili, imekwisha. Ndiyo maana majaji wa huko wamegombana miaka nenda rudi juu ya nini hasa ni ukatili: mwaka 1972, katika shauri la Furman, majaji tisa waliandika maoni tisa, na adhabu ya kifo ikasimamishwa kwa kura tano kwa nne, mwaka 1976 ikaruhusiwa tena kwa masharti, na siku hiyohiyo mahakama ileile ikapiga marufuku sheria ya North Carolina iliyofanya kifo kuwa adhabu pekee kwa muuaji. Tanzania hatukuhitaji kugombana juu ya hilo. Mahakama zetu mbili za juu zilikubaliana bila shida kwamba kunyonga ni unyama. Zilichotofautiana ni nini kifuate baada ya kukubali.

Tuanze na Katiba yenyewe, maana bahati nzuri imeandikwa kwa lugha yetu na mtu yeyote anaweza kuisoma bila mkalimani. Ibara ya 13(6)(e) inasema "ni marufuku kwa mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha." Hakuna "ikiwezekana", hakuna "kadiri hali itakavyoruhusu". Ibara ya 14 ni laini zaidi: kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, "kwa mujibu wa sheria". Kisha, kurasa kadhaa mbele, inakuja ibara ya 30(2). Hii inasema kwamba masharti yote ya haki na uhuru yaliyotangulia hayaharamishi sheria yoyote iliyotungwa kwa ajili ya mambo fulani, miongoni mwayo kulinda haki za watu wengine, maslahi ya umma, usalama wa jamii, amani na maadili. Orodha ni ndefu, na ndimo kesi nzima ilimopita.

Haki hizi zenyewe ni changa. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 bila sura ya haki za binadamu katika Katiba. Serikali ya wakati ule iliona zingeifunga mikono wakati inajenga taifa. Ziliingizwa mwaka 1984 katika marekebisho ya tano ya Katiba ya 1977, na hata hapo serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla mwananchi hajaruhusiwa kwenda nazo mahakamani. Kwa hiyo ni kuanzia Machi 1988 tu ndipo jaji wa Tanzania alipoweza kushika sheria ya Bunge na kuuliza kama inakwenda sawa na Katiba.

Jaji James Mwalusanya hakusubiri kuambiwa mara mbili. Kabla ya Mbushuu alikuwa ameshatoa uamuzi ulioifuta kanuni ya kimila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, na alikuwa ameshagombana na sheria ya dhamana na ile ya kuwahamisha watu kwa nguvu. Ukisoma hukumu zake unaona mtu aliyesoma sana, anayenukuu mahakama za nchi za mbali, na wakati mwingine anayeandika kwa hasira. Wapo mawakili waliompenda mno na wapo waliodhani anakwenda mbio kuliko barabara. Mimi nadhani bila yeye sura ile ya Katiba ingebaki pambo kwa muongo mzima.

Basi Mbushuu na mwenzake walishtakiwa mbele yake, Mahakama Kuu Dodoma, kwa kosa la kuua kwa kukusudia, kinyume cha kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu. Wakatiwa hatiani. Kwa kawaida hapo kazi ya jaji huwa imekwisha. Kifungu cha 197 kinasema anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo, na cha 26 kinaeleza namna: kunyongwa. Jaji hupokea maombi ya wakili ya kupunguziwa adhabu kama adabu tu, maana hana pa kuyapeleka. Mwalusanya alisimama hapo hapo. Kabla ya kutamka adhabu, alisikiliza hoja za pande zote mbili juu ya uhalali wa adhabu yenyewe, na Juni 1994 akatoa hukumu ndefu iliyosema adhabu ya kifo ni batili kwa sababu inavunja Katiba. Akawapa kifungo cha maisha.

Hoja zake zinastahili kuelezwa moja moja, kwa sababu mjadala wa sasa mitaani hauzifikii.

Ya kwanza ilikuwa namna ya kuua. Kunyonga kunahesabiwa kama kazi ya fundi: mfungwa hupimwa uzito na urefu, kisha hukadiriwa aangushwe umbali gani ili shingo ivunjike mara moja. Kamba ikiwa fupi mno, hafi kwa kuvunjika shingo. Anakabwa, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ikiwa ndefu mno, kichwa kinaweza kukatika. Yapo maandishi ya madaktari na maofisa wa magereza wa nchi mbalimbali yanayoeleza haya bila kupamba. Mwalusanya hakuona namna mtu anavyoweza kuyasoma kisha aseme huyu hakutwezwa.

Ya pili ni kusubiri. Mtu anayeishi miaka katika seli ya wanaongoja kunyongwa, akisikiliza nyayo mlangoni, anatumikia adhabu mbili. Hili halikuwa wazo lake peke yake: mwaka 1993 Baraza la Faragha la Uingereza, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya rufani kwa Jamaica, katika shauri kutoka huko, lilisema kumnyonga mtu baada ya kumngojesha zaidi ya miaka mitano ni unyama kwa kawaida, na mwaka huohuo Mahakama Kuu Kabisa ya Zimbabwe ikazuia wafungwa wanne wasinyongwe kwa sababu hiyohiyo.

Ya tatu, na kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote, ni ya nani hunyongwa. Washtakiwa wengi wa mauaji ni maskini. Wakili wao hulipwa na mahakama, malipo ni madogo, na mara nyingi hukutana na mteja wake siku chache tu kabla ya kesi, au siku ileile. Ushahidi ukikosewa hapo, ukikosewa na kifo kikatekelezwa, hakuna rufani inayomrudisha mtu. Kwa Mwalusanya hili halikuwa suala la huruma tu bali la kisheria: sheria inayoweza kumwua asiye na hatia kwa sababu hakuwa na fedha ya wakili mzuri ni sheria isiyo na kinga za kutosha, ni ya kibahati nasibu, na sheria ya namna hiyo haiwezi kujificha chini ya ibara ya 30(2).

Mwisho akaitaka Jamhuri ionyeshe kwamba kifo kinazuia mauaji kuliko kifungo cha maisha. Hakuridhika na ilichoonyesha.

Washtakiwa walikata rufani kupinga kutiwa hatiani. Jamhuri nayo ikakata rufani yake, ikitaka adhabu ya kifo irudishwe. Shauri likaenda mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, mmoja wao akiwa Augustino Ramadhani, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, na baadaye tena Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mtu huyo atarudi kidogo katika kisa hiki, kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga.

Rufani ya washtakiwa ilishindwa. Ya Jamhuri ikashinda. Lakini namna ilivyoshinda ndiyo habari.

Kuhusu haki ya kuishi, Mahakama ilisema ibara ya 14 yenyewe imefungwa kamba na sheria. Haki hiyo si isiyo na mpaka. Hapo sina ugomvi nao, kwa sababu Katiba imesema hivyo waziwazi. Kuhusu ibara ya 13(6)(e) majaji walikwenda na Mwalusanya karibu hatua kwa hatua: adhabu ya kifo inatesa, ni ya kinyama, inamtweza mtu, na utekelezaji wake kwa kitanzi ndio mbaya zaidi. Ingeishia hapo, Tanzania ingekuwa nchi ya kwanza Afrika Mashariki kuifuta adhabu ya kifo mahakamani.

Wakageukia ibara ya 30(2). Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshajitengenezea kipimo chake. Katika shauri la Daudi Pete, lililohusu dhamana, na lile la Kukutia Ole Pumbun la 1993, lililohusu kibali cha serikali kabla ya kuishtaki serikali, ilikuwa imesema sheria inayobana haki ya msingi ni lazima itimize mambo mawili: isiwe ya kidhalimu, yaani iwe na kinga za kuzuia watawala wasiitumie watakavyo, na isibane kuliko inavyohitajika ili kufikia lengo lake. Kwa kipimo hicho ilikwisha kufuta vifungu vya sheria katika mashauri yote mawili. Kipimo kizuri, tena kikali.

Kwenye Mbushuu, sharti la kwanza lilipita: mauaji yalikuwa yakisikilizwa na Mahakama Kuu, kuna rufani, kuna taratibu. Sharti la pili ndilo gumu. Je, kifo kinahitajika kweli ili kulinda maisha ya wengine, au kifungo cha maisha kingetosha? Majaji walikiri kwamba hakuna uthibitisho wa hakika upande wowote. Kisha wakasema, na hii ndiyo sentensi inayobeba hukumu yote, kwamba ni jamii inayoamua kama adhabu ya kifo inahitajika. Jamii, kupitia Bunge lake, imeamua. Kwa hiyo kifungu cha 197 kinaokolewa.

Hapa ndipo ninapotofautiana nao, na nitasema kwa nini bila kuwavunjia heshima. Kipimo cha Pumbun kina maana tu iwapo anayebana haki ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alilazimika kubana kiasi hicho. Ikiwa ushahidi haupo, anayetaka kunyonga ndiye anayepaswa kushindwa. Mahakama ilikubali kwamba ushahidi haupo, ikampa ushindi yeye. Na ilipomwita jamii kuwa mwamuzi, ilirudisha swali kwa chombo kilekile ambacho sura ya haki za binadamu iliwekwa kukidhibiti. Kama jamii kupitia Bunge inatosha, basi hata kibali cha kuishtaki serikali kilikuwa kimepitishwa na Bunge, na Mahakama ileile haikusita kukifuta. Tofauti iko wapi? Hukumu haijibu. Mwenye haki ya dhamana alipimiwa kwa kipimo kikali kuliko mwenye shingo.

Sisemi majaji walikosa sababu. Ibara ya 30(2) hawakuibuni wao, na imeandikwa kwa upana ambao ungemtisha jaji yeyote mwenye tahadhari. Mwaka 1995 nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu vyama vingi virudi, mahakama ikiwa na uzoefu wa miaka saba tu wa kazi hii. Kuifuta adhabu ya kifo nchini kote kwa hukumu moja kungekuwa hatua kubwa. Hiyo ni tafsiri yangu ya hali ya wakati ule. Hukumu yenyewe haijitetei kwa hoja hiyo.

Miezi minne baadaye, tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa uamuzi wake katika shauri la Makwanyane. Arthur Chaskalson, rais wa mahakama hiyo, aliisoma hukumu ya Mbushuu, akaieleza kwa uangalifu, akaonyesha kwamba majaji wa Tanzania walikubali ukatili kisha wakaiachia jamii, na akachukua njia nyingine: chini ya katiba yao, ni mahakama inayopaswa kuamua kama serikali imethibitisha ulazima wa kuua, na maoni ya umma hayawezi kuchukua nafasi ya kazi hiyo. Majaji wote kumi na mmoja waliifuta adhabu ya kifo. Hukumu mbili, bara moja, mwaka mmoja, ushahidi unaofanana. Nadhani kila mwanafunzi wa sheria angepaswa kuzisoma siku moja, asubuhi hii na jioni ile.

Lakini kuna jambo jingine ambalo Mbushuu haikuligusa vizuri, na ndilo linaloumiza zaidi leo. Ubishi wa 1994 na 1995 ulikuwa juu ya adhabu ya kifo yenyewe: iwepo au isiwepo. Swali la kama jaji anaweza kulazimishwa kuitoa, bila kujali nani yuko kizimbani, halikupewa kiti chake. Chukua mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi, usiku mmoja akangoja alale, akamwua. Na mtu aliyelipwa fedha akamvizie mfanyabiashara asiyemjua. Wote wawili, wakikutwa walikusudia, kifungu cha 197 kinawaona sawa. Wakili wa mwanamke akisimama kueleza ile miaka kumi, jaji atamsikiliza, ataandika, halafu atatamka neno lilelile. Sheria yenyewe inajua kwamba watu hawafanani, maana imemwondoa aliyekuwa chini ya miaka kumi na minane na imemwondoa mjamzito. Nje ya umri na mimba haitaki kujua kitu.

Majirani walilikamata swali hili kwa mkono mwingine. Uganda, tarehe 21 Januari 2009, katika shauri la Susan Kigula na wenzake zaidi ya mia nne, Mahakama Kuu Kabisa iliacha adhabu ya kifo ibaki, ikaacha hata kitanzi, lakini ikafuta ulazima, na ikasema mfungwa ambaye hajanyongwa miaka mitatu baada ya rufani yake ya mwisho adhabu yake ihesabiwe kuwa kifungo cha maisha. Kenya, tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ikafanya vivyo hivyo katika shauri la Muruatetu, kwa msingi wa haki ya kusikilizwa: kesi haijaisha mtu anapotiwa hatiani, na kumnyima nafasi ya kujieleza kuhusu adhabu ni kumnyima sehemu ya kesi yake. Ikataja mambo ambayo jaji ayatazame: umri, kama ni kosa la kwanza, kukiri, majuto, kama aliyeua alikuwa akijibu ukatili wa kijinsia, uwezekano wa kujirekebisha.

Angalia kwamba hakuna kati ya mahakama hizo iliyohitaji kusema kifo ni batili. Wala hakuna iliyohitaji kuligusa swali lililowashinda majaji wetu, lile la kama jamii inataka au haitaki adhabu hiyo. Jamii inaweza kutaka muuaji mbaya kuliko wote anyongwe, na wakati huohuo isitake yule mwanamke anyongwe. Ulazima unawafunga hata wanaoamini adhabu ya kifo.

Kwetu, wakili Jebra Kambole alipeleka hoja ya ulazima Mahakama Kuu Dar es Salaam, na mwaka 2019 ikatupwa. Mbushuu ilitajwa kama jambo lililokwisha kuamuliwa na mahakama ya juu. Sioni kama ilikuwa sahihi. Uamuzi wa mahakama ya juu unaifunga ya chini kwa kile kilichoamuliwa, na ulazima haukuwa kiini cha kilichoamuliwa mwaka 1995. Ila naelewa kwa nini jaji wa Mahakama Kuu anaona salama kukaa nyuma ya ukuta huo.

Miezi michache baadaye ukuta ulitikiswa kutoka upande ambao haukutazamiwa, ingawa ulikuwa mlangoni. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019 ilitoa hukumu katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, lililofunguliwa mwaka 2015, wakati rais wa mahakama hiyo alikuwa ni Augustino Ramadhani yuleyule. Hukumu ilipotoka alikuwa ameshastaafu, na hata angekuwapo, jaji haketi katika shauri la nchi yake.

Mahakama ya Afrika haikuanza na ukatili. Ilianza na swali la lini kumwondolea mtu uhai ni udhalimu chini ya ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ikaweka masharti matatu. Adhabu iwe imewekwa na sheria: imewekwa. Itolewe na mahakama yenye mamlaka: imetolewa. Ifuate utaratibu wa haki: hapo Tanzania ikaanguka, kwa sababu utaratibu usiomruhusu jaji kutazama mazingira ya kosa na ya mkosaji si utaratibu wa haki. Adhabu ya lazima kwa hiyo inavunja haki ya kuishi. Kuhusu kitanzi, Mahakama ilisema kunyonga ni njia inayodhalilisha kwa asili yake na inavunja ibara ya 5, ile ya utu. Ikaiamuru Tanzania iondoe ulazima katika Kanuni ya Adhabu ndani ya mwaka mmoja, na iwasikilize upya walalamikaji kuhusu adhabu.

Wiki moja kabla ya hukumu hiyo, tarehe 21 Novemba 2019, Umoja wa Afrika ulikuwa umepokea barua ya Tanzania ya kujitoa katika tamko linaloruhusu mtu binafsi kuishtaki moja kwa moja Arusha. Kujitoa huko kulianza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye na hakukufuta mashauri yaliyokwisha kufunguliwa, ndiyo maana Mahakama imeendelea kutoa hukumu za aina ileile dhidi yetu. Kifungu cha 197 bado kinaamuru kifo.

Msomaji atauliza: tunabishania nini, mbona hanyongwi mtu? Ni kweli kwamba wa mwisho walinyongwa mwaka 1994, mwaka uleule wa hukumu ya Mwalusanya. Hati ya kunyonga husainiwa na Rais, na tangu hapo hakuna aliyesaini. Mkapa na Kikwete waliwabadilishia wengi kifo kuwa kifungo cha maisha. Magufuli alitamka hadharani, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma mwaka 2017, kwamba hawezi kusaini, na Desemba 9 mwaka huo akiwa Dodoma akawasamehe wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa.

Watu huchukulia hili kuwa jibu. Mimi naliona kuwa ndilo tatizo lenyewe. Mahakama inaendelea kuhukumu watu kifo, Rais haui na hatangazi kuacha, na katikati yao kuna mtu seli moja miaka kumi na tano hajui kama rais ajaye atakuwa na moyo wa aliyepita. Ile hoja ya pili ya Mwalusanya, ya kusubiri, ina nguvu zaidi sasa kuliko alipoiandika. Uganda walau waliweka miaka mitatu. Sisi kikomo chetu ni hisani ya mtu mmoja chini ya ibara ya 45, na hisani haidaiwi mahakamani. Isitoshe, hoja ya 1995 kwamba jamii inaihitaji adhabu hii ili kulinda maisha inakuwa ngumu kuisema kwa sauti wakati dola hiyohiyo imeishi miongo mitatu bila kuitumia.

Kwa anayetaka kuirudisha Mbushuu mezani, njia ipo lakini ni nyembamba. Chini ya sheria ya 1994 ya utekelezaji wa haki na wajibu muhimu, maombi ya namna hii husikilizwa na majaji watatu wa Mahakama Kuu, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 mwombaji ni lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Mwanaharakati wa mjini hatoshi tena, anatakiwa mfungwa. Kisha Mahakama ya Rufani ishawishiwe kuketi kwa jopo kamili, majaji watano au zaidi, maana watatu hawapindui walichoamua watatu wenzao.

Na hoja isianze na 13(6)(e). Huko tulishinda mwaka 1995 na ushindi haukutusaidia kitu. Ianze na 13(6)(a), haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale mahakama inapoamua haki za mtu, ambayo ndiyo ndugu wa hoja iliyoshinda Nairobi na Arusha. Ikifika kwenye ibara ya 30(2), Jamhuri iulizwe swali ambalo haikuulizwa mara ya kwanza: hata kama kifo kinahitajika kwa wauaji fulani, kuna ulazima gani wa kumziba jaji mdomo kwa wote? Mahakama ikiogopa pengo, ibara ya 30(5) inairuhusu kuipa serikali muda wa kurekebisha sheria badala ya kuifuta papo hapo.

Ya Kenya yatazamwe pia kwa tahadhari. Baada ya Muruatetu, maelfu ya wafungwa wa makosa mengine, ya unyang'anyi na ya kujamiiana, walimiminika mahakamani kutaka adhabu zao zipitiwe upya, mpaka Julai 2021 Mahakama ya Juu ikalazimika kusema uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Wakili makini wa Tanzania ataandika maombi yake kwa kifungu cha 197 peke yake, na atasema mapema, kabla hajaulizwa, wafungwa waliokwisha kuhukumiwa wasikilizwe upya na nani, kwa utaratibu upi, na rekodi za kesi za miaka ishirini iliyopita zitafutwe wapi.